Jinsi ya kukagua pachi za keneli ya Linux na kuzirekebisha

Watu wengi wakitaka kuchangia keneli ya Linux (kiini cha mfumo) wanakimbilia kuandika pachi (mabadiliko ya msimbo yanayotumwa kwa barua pepe), na pachi ya kwanza mara nyingi ni ya kusahihisha herufi kwenye komenti. Hakuna ubaya, ila kila toleo linabeba zaidi ya komiti 10,000 na toleo jipya linatoka kila baada ya wiki 9 au 10, kwahiyo pachi zipo tele, macho ya kuzisoma ndo hayatoshi. Ukijua kuisoma pachi ya mtu, ukaona kosa ambalo yeye na kompaila yake hawakuliona, ukaeleza kwa heshima linatengenezwaje, wasimamizi watakukumbuka jina mapema sana. Na wewe mwenyewe unaielewa keneli haraka kwa sababu kila siku unasoma msimbo pamoja na sababu ya kuubadilisha.

Naandika hapa kwa mtu anayeijua C kiasi, git anaitumia, na ana mashine yenye Linux ya kufanyia kazi. Huhitaji kuijua keneli yote, hakuna anayeijua yote.

## Kwanza chagua kona yako

Usijaribu kukagua kila kinachopita. Chukua sehemu moja ndogo, mfano hwmon (vitambuzi vya joto na feni), au IIO (vitambuzi vya kupima vitu kama mwanga na mwendo), au draiva za aina fulani ambazo kifaa chake unacho mezani, au kitu kinachoweza kuendeshwa ndani ya QEMU (programu inayoiga kompyuta nzima) bila kifaa chochote. Fungua faili linaloitwa MAINTAINERS, lipo juu kabisa kwenye msimbo wa keneli, utafute sehemu yako. Herufi zilizoko pale zina maana: M ni msimamizi, R ni mkaguzi aliyejitolea rasmi, L ni listi ya barua pepe ambako pachi zinatumwa, T ni mti wa git wanaotumia, na S inakwambia hali yake ikoje, ukiona Orphan ujue haina mwenyewe.

Barua zote zinahifadhiwa lore.kernel.org na mtu yeyote anazisoma bila kujisajili. Kabla hujaandika neno lolote, kaa usome majibu ya wakaguzi wa zamani wa sehemu hiyo kwa muda, maana kila sehemu ina mila zake. Watu wa mtandao kwa mfano wanataka vigezo vya ndani ya fanksheni vipangwe kuanzia mstari mrefu kushuka hadi mfupi, na wanataka uandike kwenye kichwa cha barua kama pachi ni ya mti wa net (marekebisho) au net-next (vitu vipya). Sehemu nyingine hata hawajali hayo. Ukimkosoa mtu kwa sheria ya mtaa mwingine unampotezea muda na wewe unaonekana hujui ulipo.

Kalenda nayo uijue. Toleo likishatoka linafunguliwa dirisha la wiki 2 ambapo Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, anavuta kazi mpya kutoka kwa wasimamizi, linafungwa kwa -rc1 (toleo la majaribio la kwanza), halafu kila wiki rc nyingine mpaka rc7 au rc8. Ndani ya zile wiki 2 wasimamizi wamebanwa sana na net-next inafungwa kabisa, kwahiyo ukimya wakati huo usiuchukulie vibaya. Wewe kukagua unaweza muda wowote, na kwa kweli kipindi hicho ndo kizuri kwa sababu foleni haiongezeki sana.

## Ingiza pachi kwenye mashine yako

Pachi usiikague kwa kuiangalia kwenye barua tu. Sakinisha programu inaitwa b4, imetengenezwa kwa kazi hii hasa. Kila barua ina kitambulisho chake, Message-ID, unakikopi kutoka lore halafu:

    git checkout -b kagua v6.12
    b4 shazam <message-id>

Itachukua mfululizo wote wa pachi, itakusanya na tagi ambazo watu wameshatoa (mistari kama Reviewed-by, nimeieleza mbele), na itazipachika kwenye tawi lako. Hapo kwenye v6.12 weka toleo au mti ambao pachi imejengwa juu yake, mara nyingi mwandishi anaacha mstari wa base-commit chini ya barua, na kama hakuacha jaribu mti wa msimamizi ule wa T. Ikigoma kuingia kwenye mti sahihi hilo tayari ni jambo la kumwambia mwandishi. Na kama ni toleo la pili au la tatu la pachi ile ile, amri ya b4 diff inakuonyesha kilichobadilika toka mara ya mwisho, inaokoa muda vibaya mno, na inakuonyesha kama kuna kitu kimebadilishwa kimyakimya bila kutajwa.

## Soma maelezo kabla ya msimbo

Hapa wengi wanaruka na ndipo kwenye nusu ya kazi. Soma ujumbe wa komiti kwanza, bila kuangalia msimbo, halafu jiulize: tatizo lenyewe ni nini, mtumiaji analionaje, na kwa nini suluhisho ni hili na sio lingine? Kama ujumbe unasema tu "ongeza ukaguzi wa NULL" bila kueleza NULL inatoka wapi, basi mwandishi huenda ameziba dalili na chanzo kimebaki. Uliza. Swali la "hiyo NULL inafikaje hapa?" limeshaokoa keneli kutoka kwenye pachi nyingi mbaya, na halihitaji utaalamu wowote kuliuliza.

Kisha angalia tagi ya Fixes. Inatakiwa itaje komiti iliyoleta kosa, kwa herufi angalau 12 za mwanzo na kichwa chake kwenye mabano. Usiiamini kwa macho, ithibitishe:

    git show --stat 
    git log --oneline -S'clk_get' -- drivers/hwmon/joto.c

Hiyo ya kwanza malizia na namba ya komiti iliyotajwa. Unakuta mara nyingi mtu amefanya git blame akachukua komiti ya juu, kumbe ile ilihamisha tu mistari kutoka faili moja kwenda lingine na kosa lilikuwepo miaka mingi kabla. Tagi ikikosewa, watu wa matoleo ya muda mrefu (stable, yaani matoleo ya zamani yanayoendelea kupokea marekebisho) watarudisha marekebisho kwenye matoleo machache kuliko inavyotakiwa na watumiaji wengine wanabaki na kosa. Na kama kosa ni la kweli linalomuumiza mtumiaji, pawepo pia mstari wa Cc: stable@vger.kernel.org, kwa sababu tagi ya Fixes peke yake haihakikishi kwamba pachi itafika huko.

## Sasa msimbo, na anza na njia za makosa

Ushauri wangu mkubwa kwenye mwongozo huu wote: usianze na njia ambayo kila kitu kinaenda vizuri. Mwandishi ameshaipita hiyo, ameijaribu kwenye kifaa chake ikafanya kazi. Anza pale kitu kinaposhindikana, maana pale hakuna aliyewahi kufika. Na usisome ile diff peke yake, inakuonyesha mistari mitatu juu na mitatu chini tu, tumia git show -W upate fanksheni nzima, halafu git grep uone nani anaiita.

Chukua mfano huu wa probe, fanksheni ambayo keneli inaiita draiva ikikutanishwa na kifaa chake, nimeutunga ila vitu vya aina hii vinatumwa kila wiki:

    static int joto_probe(struct platform_device *pdev)
    {
            struct joto *j;
            int irq, ret;

            j = kzalloc(sizeof(*j), GFP_KERNEL);
            if (!j)
                    return -ENOMEM;

            j->clk = clk_get(&pdev->dev, NULL);
            if (!j->clk)
                    return -ENODEV;

            ret = clk_prepare_enable(j->clk);
            if (ret)
                    goto err_free;

            irq = platform_get_irq(pdev, 0);
            if (irq < 0)
                    return irq;

            ret = request_irq(irq, joto_irq, 0, "joto", j);
            if (ret)
                    goto err_free;

            platform_set_drvdata(pdev, j);
            return 0;

    err_free:
            kfree(j);
            return ret;
    }

Inakompaili bila onyo hata moja na kwenye mashine ya mwandishi inafanya kazi. Sasa shuka nayo polepole, na kila ukikutana na kitu kilichochukuliwa (memori, saa inayoendesha kifaa, intarapti yaani ishara ya kifaa kuomba kuhudumiwa) kiandike pembeni, halafu kila ukikutana na return au goto angalia ile orodha yako uone kama vyote vimerudishwa.

clk_get ikishindwa hairudishi NULL, inarudisha namba ya kosa iliyofichwa ndani ya pointa, kwahiyo ukaguzi wa !j->clk hauoni kosa lolote na msimbo unaendelea na pointa mbovu mkononi. Inatakiwa IS_ERR, na kosa lenyewe lirudishwe kwa PTR_ERR badala ya kubuni -ENODEV, kwa sababu kosa linaweza kuwa -EPROBE_DEFER, yaani "saa bado haijawa tayari, jaribu tena baadaye", na ukilibadilisha draiva haitajaribiwa tena, mtumiaji anabaki na kifaa kimekufa kila akiwasha mashine na hajui kwa nini. Halafu pale pale kuna return ya moja kwa moja, memori ya j inavuja. clk_prepare_enable ikishindwa tunaenda err_free lakini clk_put haijaitwa. platform_get_irq ikishindwa tunatoka mlangoni saa ikiwa inazunguka na memori haijaachiwa. request_irq ikishindwa vile vile saa haijazimwa.

Ikitengenezwa inakuwa hivi, kuanzia clk_get:

            j->clk = clk_get(&pdev->dev, NULL);
            if (IS_ERR(j->clk)) {
                    ret = PTR_ERR(j->clk);
                    goto err_free;
            }

            ret = clk_prepare_enable(j->clk);
            if (ret)
                    goto err_put;

            irq = platform_get_irq(pdev, 0);
            if (irq < 0) {
                    ret = irq;
                    goto err_disable;
            }

            ret = request_irq(irq, joto_irq, 0, "joto", j);
            if (ret)
                    goto err_disable;

            platform_set_drvdata(pdev, j);
            return 0;

    err_disable:
            clk_disable_unprepare(j->clk);
    err_put:
            clk_put(j->clk);
    err_free:
            kfree(j);
            return ret;

Unaona lebo zinateremka kinyume cha jinsi vitu vilivyochukuliwa, na kila lebo jina lake linasema inachofanya. Ukikagua msimbo wenye lebo za out1, out2, out3 mwambie abadilishe, sio urembo, mtu akija kuongeza hatua katikati mwakani atakosea namba. Na usiishie kwenye probe. Nenda kwenye fanksheni ya remove (inayoendeshwa draiva ikiondolewa) uone kama inabomoa kwa mpangilio huo huo wa kinyume, free_irq iwe ya kwanza, maana ukizima saa au ukaachia memori wakati intarapti bado iko hai, ikipiga katikati hapo handler (fanksheni inayoshughulikia intarapti) inagusa kitu ambacho hakipo tena.

Kuna atakayesema si atumie tu devm_, kwamba devm_kzalloc na wenzake wanajiachia wenyewe draiva ikiondoka. Kwa draiva mpya nakubali kabisa. Ila angalia sana pale mtu anapochanganya, yaani intarapti ameichukua kwa devm_request_irq halafu saa anaizima mwenyewe ndani ya remove. Vitu vya devm vinaachiwa baada ya remove kumaliza, kwahiyo kuna kipindi kifupi saa imezimwa na intarapti bado iko wazi. Kosa hili halionekani kwenye diff hata ukikodoa macho, linaonekana ukiuliza "hiki kinaachiwa lini?". Na kama pachi ni ya kurekebisha kosa linalotakiwa kurudi kwenye matoleo ya zamani, goto za kawaida ni bora kuliko kugeuza draiva nzima kuwa ya devm, marekebisho yaende kwanza, usafi ufuate kwenye pachi nyingine.

## Mambo mengine yanayojirudia

Kulala (kusimama kusubiri kitu) ukiwa umeshika spinlock (loki ambayo anayeisubiri anazunguka bila kulala). Ukiona spin_lock, fuata kila kinachoitwa mpaka spin_unlock. Hapo katikati hairuhusiwi kmalloc yenye GFP_KERNEL, wala mutex_lock, wala copy_from_user, vyote hivyo vinaweza kulala. Mtu akiambiwa hivyo anakimbilia kubadilisha GFP_KERNEL kuwa GFP_ATOMIC na ndo hapo umzuie kidogo, kwa sababu ATOMIC inashindwa kirahisi memori ikibana na inakula akiba. Mara nyingi jibu zuri ni kuomba memori kabla ya kushika loki. Na kama data hiyo hiyo inaguswa na handler ya intarapti, uliza kwa nini haijatumika spin_lock_irqsave, inayozima intarapti wakati loki imeshikwa.

Data inayotoka upande wa mtumiaji. copy_from_user inarudisha idadi ya baiti ambazo hazikunakiliwa, hairudishi namba ya kosa. Sasa ukikuta hii:

    ret = copy_from_user(&cfg, arg, sizeof(cfg));
    if (ret)
            return ret;

programu iliyoita itapokea namba chanya na kudhani mambo yameenda sawa. Inatakiwa return -EFAULT. Angalia pia kama urefu aliotuma mtumiaji umekaguliwa kabla ya kutumika, na kama unasomwa mara mbili kutoka memori ya mtumiaji, maana anaweza kuubadilisha katikati ya kusoma kwa kwanza na kwa pili. Mzidisho ndani ya kmalloc, mfano n * sizeof(x), pendekeza kmalloc_array au kcalloc ili namba isipinduke. Na muundo unaorudishwa kwa mtumiaji ufutwe wote kwanza, kwa sababu zile nafasi ambazo kompaila inaacha katikati ya vipengele zinabeba mabaki ya memori ya keneli.

Kuhesabu wanaoshikilia. Fanksheni nyingi zinazoanza na of_find_ au of_get_ zinakupa node (kipengele cha devicetree, maelezo ya vifaa vya mashine) ikiwa imeongezewa hesabu, na wewe unatakiwa uite of_node_put ukimaliza. Kwenye lupu za for_each_child_of_node hesabu inashushwa yenyewe kila mzunguko, ila ukitoka kwa break au return katikati hakuna anayeishusha. Hili linapita wakaguzi wazoefu kila mara.

Kuvunja programu za watu. Kama pachi inabadilisha kinachoonekana nje ya keneli, faili la sysfs (yale ya /sys), muundo wa ioctl (amri ambazo programu inaipa draiva), hata namba ya kosa inayorudishwa, simama. Sheria ambayo Torvalds anaisimamia kwa ukali ni kwamba programu iliyokuwa inafanya kazi haivunjwi na keneli mpya, na "walikuwa wanaitumia vibaya" haikubaliki kama sababu.

## Jenga, endesha, na ilazimishe ishindwe

scripts/checkpatch.pl --strict endesha, inachukua sekunde, lakini usiigeuze hakimu. Inajua nafasi na tabu, haijui kama msimbo uko sahihi, na mkaguzi ambaye barua yake nzima ni matokeo ya checkpatch hajakagua kitu.

Halafu jenga lile folda tu kwa maonyo ya ziada na sparse (programu ya kukagua msimbo wa C):

    make W=1 C=1 drivers/hwmon/

Mfululizo ukiwa na pachi kadhaa, kila moja lazima ikompaili peke yake, sio mwishoni tu. Sababu ni git bisect: mtu anayetafuta kosa mwaka kesho akitua katikati ya mfululizo wako na keneli haijengeki, utafutaji wake umekwama. Kuangalia ni rahisi:

    git rebase -x 'make -j8 drivers/hwmon/' v6.12

Kuendesha tumia QEMU, na kama hutaki kuhangaika na diski tumia virtme-ng, inawasha keneli uliyojenga ikitumia mafaili ya mashine yako hiyo hiyo. Kwenye usanidi washa CONFIG_KASAN, CONFIG_PROVE_LOCKING, CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP na CONFIG_DEBUG_KMEMLEAK. Itakuwa nzito, ndiyo, ila KASAN itakupigia kelele memori iliyoachiwa ikiguswa, na PROVE_LOCKING itakwambia loki zinaweza kukwamishana hata kama hazijakwamishana bado.

Alafu fanya ambacho mwandishi hakufanya. Ondoa na rudisha draiva mara nyingi mfululizo kupitia unbind na bind kwenye /sys/bus/platform/drivers. Washa CONFIG_FAILSLAB na CONFIG_FAULT_INJECTION_DEBUG_FS, weka probability na times kwenye /sys/kernel/debug/failslab, na maombi ya memori yataanza kushindwa kwa makusudi, uone zile goto ulizozisoma zinafanya nini kweli. Keneli ikidondoka usitume ule mlolongo wa namba mbichi, upitishe kwenye scripts/decode_stacktrace.sh pamoja na vmlinux yako ili kila namba iwe jina la faili na mstari.

Ukigundua kosa ambalo mtu anaweza kulitumia kushambulia mashine na tayari lipo kwenye keneli iliyotoka, usilijadili hadharani, liandike kwa security@kernel.org kwanza.

## Kuandika jibu

Barua iwe maandishi matupu, HTML inakataliwa na seva. Jibu Reply-All, nukuu mistari inayohusika tu, andika chini ya kila nukuu, na mengine yote yafute ili mtu asitembeze kurasa nzima kutafuta sentensi yako moja. Lugha ni Kiingereza ila hakihitaji kuwa cha madoido, sentensi fupi ndo bora.

Sema kosa linatokeaje, kwa mpangilio. "Hii si sahihi" haimsaidii mtu. "platform_get_irq ikirudisha kosa tunatoka bila clk_disable_unprepare, saa inabaki imewaka, ongeza lebo ya err_disable" inamsaidia, anaenda kurekebisha bila kukuuliza tena. Tenganisha yanayozuia pachi isiingie na yale ambayo ni ladha yako tu, mwambie wazi hili la pili sio lazima. Usichokielewa kiulize kama swali, mara nyingine wewe ndo hujaelewa na mara nyingine mwandishi akianza kujibu anagundua mwenyewe. Na mwandishi mpya anayetuma kwa mara ya kwanza anza na kilicho sahihi kwenye kazi yake kabla ya orodha ya marekebisho, watu wameacha keneli kwa sababu ya barua moja ya ukali na hiyo ni hasara yetu sote.

Tagi sasa. Reviewed-by ni kauli yako kwamba umekagua kiufundi na unaona pachi iko tayari kuingia, usiitoe kwa kusoma juujuu. Ikiwa umejaribu tu, toa Tested-by na utaje umejaribu kwenye kifaa gani. Acked-by kawaida ni ya msimamizi wa sehemu inayoguswa anaposema hana pingamizi. Ukikagua na usione tatizo usikae kimya, Reviewed-by yenye mstari mmoja wa ulichokiangalia ni msaada mkubwa kwa msimamizi.

## Pachi ikirudi kwako uirekebishe

Ukipewa maoni, jibu kila moja, hata kwa "sawa, nitarekebisha kwenye v2", na usilokubaliana nalo eleza sababu. Usitume v2 saa hiyo hiyo, acha wengine nao wasome. Marekebisho usiyaweke kama pachi mpya juu ya ile mbovu, yaingize ndani yake:

    git commit --fixup=<komiti>
    git rebase -i --autosquash v6.12
    git format-patch -v2 --base=v6.12 -o v2/ v6.12

Maelezo ya kilichobadilika toka v1 yaandike chini ya ule mstari wa vistari vitatu, yatasomwa na wakaguzi lakini hayataingia kwenye historia ya git. Tagi ulizopewa zikusanye kwa b4 trailers -u, ila kama umebadilisha msimbo sana ondoa Reviewed-by ya zamani na useme umeiondoa, maana mtu hakukagua hiki kipya. Majina ya kupelekewa yapate kwa scripts/get_maintainer.pl, na jaribu git send-email --dry-run kabla ya kutuma kweli. Ukishatuma subiri angalau wiki moja kabla ya kukumbushia.

Kuna pachi nzuri ambazo mwandishi wake alipotea baada ya v3. Unaweza kuichukua, ila muulize kwanza na umpe muda wa kujibu. Jina lake libaki kwenye From na Signed-off-by yake ibaki, weka chini ya hapo mstari mfupi kwenye mabano ya mraba ukieleza ulichobadilisha, kisha Signed-off-by yako. Kama umeandika upya sehemu kubwa, mwandishi anakuwa wewe na yeye anawekwa Co-developed-by ikifuatwa papo hapo na Signed-off-by yake. Hiyo saini sio mapambo, toka 2004 ndiyo tamko la kwamba una haki ya kuutoa msimbo huo chini ya leseni ya mradi, kwahiyo usimsainie mtu ambaye hakusaini.

Kama pachi imeshaingia kwenye mti wa msimamizi usitume v4, tuma pachi ndogo mpya yenye Fixes inayoitaja ile. Na roboti za kujenga zikikutumia barua kwamba umevunja usanifu fulani (aina ya prosesa) ambao hujawahi kuugusa, usizipuuze, barua inakuja na usanidi uliotumika ili urudie mwenyewe.

Pachi yenye stable ikishafika kwa Torvalds itajaribiwa kwenye matoleo ya zamani, na kama haiingii utapata barua yenye FAILED kwenye kichwa ikitaja toleo gani limegoma. Hapo chukua tawi la toleo hilo, fanya git cherry-pick -x, tatua mgongano, jenga na uendeshe upya kwenye toleo hilo hilo kwa sababu fanksheni uliyoitegemea huenda huko haipo, kisha itume kwa stable ukiwa umetaja namba ya toleo kwenye kichwa na kueleza kwa mstari mmoja ulichobadilisha ili iingie.